Vumbi la chakula likiingia kifuani: kinachotokea hasa

Watu wanaofanya kazi kwenye vinu na kwenye viwanda vya mikate, viungo, chai na kahawa wamezoea kuambiwa, na mara nyingi wanaambiana wenyewe, kwamba vumbi lao si la kuogopa kwa sababu ni chakula. Mchimba madini anavuta mawe, mpiga rangi anavuta kemikali, lakini anayemimina ngano anavuta kitu ambacho baadaye atakila mezani. Litamdhuru vipi? Swali hilo lina mantiki, ndiyo maana linawashika hata watu makini. Tatizo ni kwamba limewafanya wengi wakae na kikohozi, mafua yasiyoisha na kifua kinachobana kwa miezi, wengine kwa miaka, kabla ya kumwona daktari. Na katika maradhi haya, muda unaopita mtu akiendelea kuvuta vumbi una nafasi kubwa ya kuamua kama atapona au ataishi nayo.

Nianze na hilo la chakula, kwa kuwa mengine yote yanakaa juu yake.

Chakula unachokimeza kinakutana na mate, asidi ya tumbo na vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukata protini vipandevipande kabla hazijaingia kwenye damu. Njia ya hewa haina mpango huo. Chembe ya unga unayoivuta inatua juu ya utando laini, wenye unyevu, ikiwa na protini zake zote kamili. Chini ya utando huo kuna seli za kinga zinazokagua kila kigeni anayetua. Kwa seli hizo hakuna chakula. Kuna kitu cha mwili na kitu kisicho cha mwili. Ndiyo maana mwokaji mwenye pumu iliyoletwa na unga wa ngano mara nyingi anakula mkate bila shida yoyote, lakini akikaribia mashine ya kukandia anaanza kukosa pumzi. Ngano ni ileile. Kilichobadilika ni mlango iliyoingilia.

Mfano ulio wazi kuliko yote haukutoka hata kwenye unga. Mwaka 2000 idara ya afya ya jimbo la Missouri, Marekani, ilipata taarifa za watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi mjini Jasper, wote wakiwa na ugonjwa adimu na mkali wa mapafu: mirija midogo kabisa ya hewa ilikuwa imejaa makovu na kuziba. Wachunguzi walifuatilia hadi kwenye ladha ya siagi iliyokuwa ikichanganywa kwenye matangi ya mafuta ya moto, hasa kemikali yake moja iitwayo dayasetili. Kemikali hiyo ilikuwa inakubalika kuliwa, na hakuna aliyekuwa akiugua kwa kula bisi. Waliougua ni waliosimama karibu na matangi wakivuta mvuke wake zamu baada ya zamu. Makovu ya namna ile hayafunguki kwa dawa ya kupuliza. Tangu hapo, mtu akiniambia kitu ni salama kwa sababu kinaliwa, namuuliza: salama kikipita wapi?

Vumbi lenyewe

Vumbi tunaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha ni sehemu ndogo ya lililopo. Wataalamu hupima chembe kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 hivi. Chembe zinazozidi mikroni 10 nyingi hunaswa puani na kooni. Zilizo ndogo zaidi hushuka kwenye mirija ya kifua, na zile za chini ya mikroni 4 hivi zinaweza kufika hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu.

Sehemu kubwa ya uzito wa vumbi la unga ni chembe kubwa kubwa, na hili lina maana yake. Madhara huanzia juu: pua inayochuruzika, chafya mfululizo, macho yanayowasha. Kwa wengi wenye mzio wa vumbi la kazini, mafua haya hutangulia pumu. Mtu anayepiga chafya kila akifungua gunia si mtu mwenye pua dhaifu. Huenda ameshaanza safari ambayo kituo chake kinachofuata ni kifua.

Chembe ndogo zina tabia nyingine inayowaponza watu. Katika hewa iliyotulia, chembe ya mikroni 10 huchukua dakika kadhaa kushuka kutoka usawa wa uso hadi sakafuni. Ya mikroni 1 huchukua saa nyingi. Kwa hiyo mtu anayefagia, akangoja wingu lipotee machoni, kisha akavua barakoa ili apumzike, anapumzika ndani ya vumbi lilelile. Ukitaka kulithibitisha, zima taa, simama gizani, mwambie mwenzako awashe tochi kali kutoka upande wa pili wa sehemu iliyotoka kufagiwa. Kitakachoonekana kwenye mwale ule kinatosha kumaliza ubishi. Wakaguzi wa usalama kazini hutumia njia hiyohiyo kwa taa maalumu.

Halafu vumbi la kiwanda cha chakula mara chache huwa ni chakula kitupu. Ndani ya vumbi la nafaka kuna ukungu, vipande vya wadudu, kinyesi cha utitiri wa ghalani na mabaki ya bakteria. Ndani ya unga wa mikate mara nyingi kuna vimeng'enya vilivyoongezwa ili kuboresha donge, kimojawapo ni amilesi kinachozalishwa na kuvu, ambacho ni kichochezi cha mzio kinachojulikana vizuri. Kahawa mbichi ina vumbi lenye mzio zaidi kuliko iliyokaangwa, na magunia yake yakiwa yamewahi kubeba mbegu za mbarika, mabaki ya mbegu hizo yanatosha kuamsha pumu kali. Pilipili na kitunguu saumu vilivyosagwa, mayai ya unga, soya, chai: kila kimoja kina kesi zake katika vitabu vya tiba. Wanaochemsha na kubambua kaa na kamba hawavuti vumbi, wanavuta matone madogo ya mvuke yaliyobeba protini, na matokeo ni yaleyale.

Njia ya hewa kuvimba maana yake nini

Mwiba ukikuchoma mguuni, ngozi inayouzunguka inakuwa nyekundu, inapata joto, inavimba na kuuma. Mwiba peke yake haukufanya hayo. Mwili wako ndio uliofungua mishipa midogo ya damu na kuleta majimaji na seli nyeupe ili kupambana na kilichoingia. Njia ya hewa ikichokozwa hufanya vilevile, ila kwa tofauti moja kubwa. Mguu unavimba kuelekea nje, na nje kuna nafasi. Mrija wa hewa unavimba kuelekea ndani, na ndani ndimo hewa inamopita.

Pamoja na uvimbe huo, misuli midogo inayouzunguka mrija hukaza, na tezi zake humwaga ute mzito. Mambo matatu kwa wakati mmoja, yote yakila nafasi ileile. Na hesabu yake ni ya kikatili: upana wa mrija ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, unaweza kufika mara 16. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa sawa asubuhi, akabanwa kidogo mchana, na jioni ashindwe kupanda ngazi. Mirija haikuhitaji kubadilika sana.

Hadi hapa nimesema "vumbi linavimbisha" kana kwamba kuna njia moja. Zipo angalau tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoleta ushauri mbovu.

Ya kwanza ni mwasho tu. Vumbi jingi la aina yoyote, na hasa la pilipili, linachokoza utando moja kwa moja. Unakohoa, unatokwa machozi, unaondoka, unapata nafuu. Kila mtu aliye mle ndani ataathirika, na kiasi cha usumbufu kinafuata kiasi cha vumbi. Si jambo la kupuuza, kwa kuwa mwasho wa kila siku kwa miaka unaweza kuacha kikohozi sugu chenye makohozi, lakini angalau unajitangaza mapema.

Ya pili ni mzio, na hii ndiyo yenye hila. Mzio hauanzi siku ya kwanza kazini. Kinga ya mwili kwanza inaitambua protini fulani, inatengeneza kingamwili dhidi yake, na kipindi hicho chote mfanyakazi hahisi kitu. Kinaweza kuwa miezi, kinaweza kuwa miaka mingi. Siku maandalizi yakikamilika, dalili zinaanza, na kuanzia hapo kiasi kidogo mno, ambacho wenzake hawakihisi kabisa, kinatosha kumbana kifua. Haiathiri wote, inachagua, na ndiyo maana mgonjwa wa mzio huonekana kama anajidekeza. Wenzake wanne wamesimama palepale, hawana kitu. Jambo jingine linalopoteza watu ni kwamba shambulio linaweza kuchelewa saa kadhaa baada ya kuvuta vumbi. Mtu anamaliza zamu yake vizuri, anakohoa usiku kitandani, analaumu baridi.

Ya tatu haitajwi sana. Kuta za bakteria fulani wanaoishi kwenye nafaka na mimea huacha mabaki yaitwayo endotoksini. Yakivutwa kwa wingi, huita kwenye mapafu kundi jingine la seli nyeupe, tofauti na lile la mzio, na hayahitaji kinga iwe imejiandaa kwanza. Mtu anayesafisha ghala au silo iliyokaa muda mrefu anaweza, saa chache baadaye, kupata homa, baridi, maumivu ya viungo na kifua kubana, akaamka kesho au keshokutwa akiwa mzima. Wengi huhesabu ni mafua makali au homa nyingine. Dalili inayoitofautisha ni kwamba inarudi kila mara kazi ileile inaporudiwa, na mara nyingi waliofanya kazi hiyo pamoja wanaugua pamoja.

Tofauti kati ya njia hizi ina uzito hata hospitalini. Kuna kipimo cha kisasa ambapo mtu anapuliza kwenye mashine na inasoma gesi ya naitriki oksidi katika pumzi yake. Kwa mtu mzima, kusoma zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni kunaashiria uvimbe wa aina ya mzio. Chini ya 25 kunaashiria haupo au ni mdogo. Ni kipimo kizuri, lakini kinaona zaidi uvimbe wa aina hiyo moja. Aliyevimbishwa na endotoksini anaweza kusoma namba ya chini na bado kifua chake kikawa hakiko sawa.

"Nimeshazoea"

Sentensi hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu husemwa kwa fahari. Pua inaweza kweli kuacha kushtuka kwa harufu na mwasho wa kila siku. Mzio unaenda kinyume chake: kadiri unavyokutana na kichochezi ndivyo mwili unavyozidi kukijua na kukikabili. Anayesema amezoea huenda ameacha tu kuona kwamba anakohoa.

Ushahidi unaoletwa siku zote ni wa mtu wa makamo aliyekaa kiwandani miaka 20 na hana neno. Yupo, na anasema kweli. Ila jiulize wale walioanza naye wako wapi. Wale ambao vifua vyao vilikataa waliondoka mwaka wa pili au wa tano, wakaenda kutafuta riziki kwingine, na hakuna anayewahesabu. Waliobaki ni wale ambao miili yao iliweza kuvumilia, kisha tunawatazama wao na kusema kazi haina madhara. Watafiti wa afya kazini wanaujua mtego huu vizuri, na ndiyo sababu uchunguzi wa maana huwatafuta pia walioacha kazi.

Kuna na imani ya maziwa, kwamba glasi moja baada ya zamu inasafisha vumbi. Maziwa yanashuka kwenye koromeo la chakula hadi tumboni. Hayafiki kwenye mirija ya hewa, na yakifika ni hatari. Kinachosafisha mapafu ni ute na vijinywele vidogo mno vinavyousukuma juu hadi kooni mchana na usiku. Kinachovilemaza vijinywele hivyo ni moshi wa sigara, kwa hiyo mvutaji anayeingia kwenye vumbi anaingia na ulinzi uliopungua. Lakini nisieleweke vibaya: kuvuta sigara hakufuti lawama ya vumbi. Nimesikia mara nyingi mfanyakazi akiambiwa "wewe tatizo lako ni sigara" na mazungumzo yakaishia hapo.

Picha ya eksirei nayo inaaminiwa kupita kiasi. Inaona kifua kikuu, inaona nimonia, inaona makovu ya vumbi la mawe. Pumu kwa kawaida haionekani, kwa sababu uvimbe wa ndani ya mirija na misuli iliyokaza haviachi kivuli. Eksirei safi haimaanishi mirija safi. Hata hivyo, kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu kwanza, vumbi liwepo lisiwepo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Wingu linatoka wapi

Ukisimama kando ya mashine ya kukandia na kumtazama anayemimina gunia, utaona vumbi likitoka mara mbili. La kwanza ni pale mdomo wa gunia unapoinamishwa: unga unashuka, hewa iliyokuwa ndani ya chombo inasukumwa juu, na inapanda moja kwa moja kwenye uso wa aliyeinama. La pili watu hawalihesabu. Gunia likiisha, analikung'uta, kisha analikumbatia kifuani na kulikunja huku akilibana ili litoe hewa. Hewa ile inatoka na vumbi laini kuliko yote, sentimita chache kutoka puani. Kazi ya nusu dakika, mara kadhaa kwa zamu, na inaweza kubeba sehemu kubwa ya vumbi lote la siku hiyo.

Vilele vya namna hiyo, yaani nyakati vumbi linapopanda ghafla, ndivyo vya kuwindwa: kumimina, kuwasha mashine kabla unga haujalowa, kunyunyiza unga mezani kwa mkono kutoka juu, kufagia kukavu, na kupuliza mashine kwa upepo wa kompresa. Huo wa mwisho ningeupiga marufuku leo kama ningekuwa na uwezo. Unaondoa vumbi kwenye chuma na kulihamishia hewani, pale mtu anapovuta.

Dawa ya vilele haiko mbali. Gunia linashushwa polepole, mdomo ukiwa chini karibu na unga, na linakunjwa kuanzia chini mbali na uso, au linaachwa lianguke kwenye kapu lenye kinyonyea hewa. Mashine inaanza kwa mwendo wa chini na kifuniko kikiwa kimefungwa hadi maji yachanganyike. Ufagio unabadilishwa na mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio kinachofaa, au kitambaa chenye maji. Vimeng'enya vinunuliwe vikiwa vya maji au vya rojo badala ya unga. Bomba la kunyonya hewa liwekwe pale vumbi linapozaliwa, si feni ya ukutani inayolizungusha chumba kizima. Na kuna faida ya pembeni ambayo mwajiri asiyejali vifua huenda akaijali: vumbi laini la chakula likijaa hewani linalipuka. Mwaka 2008 mlipuko wa vumbi la sukari kwenye kiwanda kimoja huko Port Wentworth, jimbo la Georgia nchini Marekani, uliua watu 14.

Barakoa inakuja baada ya hayo yote. Ya kitambaa na ile nyepesi ya hospitali hazikai usoni vizuri. Hewa inapita pembeni, na inapita na vumbi. Inayofaa ni ya kiwango kama N95, ambayo kichujio chake kinazuia angalau asilimia 95 ya chembe, au FFP3 ya viwango vya Ulaya inayozuia asilimia 99. Hata hizo zinahitaji kukaa barabara kwenye ngozi, na ndevu za siku chache zinatosha kuziharibia kazi. Kumpa mtu barakoa moja ya kuvaa wiki nzima kwenye joto la tanuri, kisha kumlaumu kwa kuivua, ni kumbebesha mzigo ambao ulipaswa kubebwa na bomba la kunyonya hewa.

Baadhi ya waajiri hujibu kwamba vipimo vya vumbi viko ndani ya kiwango. Inafaa kuuliza kiwango kipi. Uingereza imeweka kikomo cha miligramu 10 za vumbi la unga kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane, na 30 kwa robo saa. Jumuiya ya wataalamu wa usafi wa viwandani ya Marekani, ACGIH, inapendekeza 0.5. Ni tofauti ya mara 20. Haimaanishi kuna mmoja asiyejua kazi yake. Kikomo cha kisheria hupimwa pia kwa kinachowezekana kiwandani, wakati pendekezo la pili linatazama afya peke yake. Mzio unaweza kuanza chini kabisa ya 10. Kuwa ndani ya sheria na kuwa salama ni maswali mawili.

Kalenda inajua zaidi ya stetoskopu

Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, wakiwamo waokaji, wasagaji na wapepeta nafaka, na akawasihi madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa swali moja la ziada: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 baadaye bado linasahaulika. Karibu asilimia 16 ya pumu ya watu wazima inahusishwa na kazi wanazozifanya, lakini mgonjwa wengi wetu tunamjua kwa kikohozi chake tu.

Kwa hiyo mgonjwa ajiulize mwenyewe, na aulize "lini" kuliko "kiasi gani". Dalili zinapungua siku za mapumziko? Zinaisha likizo na kurudi siku mbili tatu baada ya kurudi kazini? Wengi hutumia nafuu hiyo kama sababu ya kutokwenda hospitali: "nikipumzika inaisha, kwa hiyo si ugonjwa." Ni kinyume chake. Nafuu ya mapumziko ndiyo alama kubwa kuliko zote kwamba kazi inahusika. Na ukiona nafuu hiyo inazidi kuchelewa, kwamba zamani siku moja ilitosha na sasa hata wiki haitoshi, uvimbe unaanza kukaa kabisa.

Kuna kifaa kidogo cha plastiki cha kupuliza, kinachosoma kasi ya pumzi kwa lita kwa dakika. Mtu akikipuliza angalau mara nne kwa siku, kwa wiki kadhaa, siku za kazi na za mapumziko, na kuandika kila namba kwenye daftari, daktari anapata picha ambayo hakuna eksirei inayoweza kuitoa. Tuseme namba inakaa 480 mtu akiwa nyumbani, inashuka hadi 430 siku ya kwanza ya kazi, na kufika 380 ikikaribia mwisho wa wiki. Mchoro huo unasema wenyewe. Unachukuliwa kabla ya kuacha kazi, kwa sababu ukishaondoka ni vigumu kuupata tena.

Daktari naye atataka kutofautisha pumu iliyoletwa na kazi na pumu ya zamani inayochochewa na kazi. Ya pili mara nyingi inatulia vumbi likipunguzwa na dawa zikipangwa vizuri. Ya kwanza, kama ni ya mzio, kwa kawaida inadai zaidi: mtu aondoke kabisa kwenye kichochezi, na mapema. Wanaotoka ndani ya muda mfupi baada ya dalili kuanza wana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Wanaokaa miaka wengi hubaki na pumu hata baada ya kuacha.

Hapo ndipo dawa za kupuliza zinapoleta mkanganyiko. Ile ya haraka inalegeza misuli ya mirija kwa saa chache, haigusi uvimbe. Mfanyakazi anaipuliza mlangoni, anaingia, anamaliza zamu, na uvimbe unaendelea chini kwa chini. Inayotuliza uvimbe ni ile yenye steroidi, ya kutumiwa kama daktari alivyopanga hata siku mtu anapojisikia vizuri. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa ile ya haraka peke yake. Na hata iliyo bora haiwezi kushindana na gunia linalokung'utwa kila saa mbele ya uso.

Najua kwa nini watu hawasemi. Anayesema kifua kinambana anaogopa jibu litakuwa "basi kaa nyumbani", na nyumbani hakuna mshahara. Hofu hiyo ina msingi, na sidhani ni haki kumlaumu mgonjwa kwa kuificha. Lakini inafaa ajue yuko upande gani wa kanuni. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini hazitamgharimu mfanyakazi chochote, na mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Barakoa ya kukatwa kwenye mshahara iko kinyume chake. Pumu inayotokana na vichochezi vya kazini imo pia kwenye orodha ya shirika hilo ya magonjwa ya kazi, jambo ambalo chama cha wafanyakazi kinaweza kulibeba mezani pale sheria ya nchi inapoyumba.

Anayehamishwa, basi, ahamishwe kweli. Kumtoa kwenye mashine na kumweka kwenye ofisi iliyo ndani ya jengo lilelile, ambamo vumbi linaingia na nguo za wenzake na kupita chini ya mlango, mara nyingi hakutoshi kwa mtu ambaye kinga yake imeshajifunza. Wiki za mwanzo huko alikohamishiwa aendelee kupuliza kile kifaa na kuandika namba zake, na msimamizi akubali kwamba zikishuka tena, atafutiwe sehemu nyingine.